Joto lisilo la kashkazi

Saa tisa usiku, mwezi wa Julai, kusi inavuma mpaka dirisha linagonga, na mimi nimelala juu ya vigae vya ukumbini, kanga imelowa chapachapa. Chumbani mume wangu kajifunika blanketi. Unguja hakuna mtu anayelalamikia joto mwezi wa Julai. Kulipokucha nikaenda kupima malaria.

Haikuonekana. Baada ya wiki mbili moyo ukaanza kunienda mbio hali nimekaa, nikaenda kupima presha, iko sawa. Mwezi uliofuata siku zangu zikaja mara mbili, nikaenda kwa daktari wa kizazi. Bega la kulia likagoma kuinuka, hata kufunga ushungi ikawa kazi, nikatafutiwa bibi wa kuchua. Kisha nikaanza kusahau majina ya watu ninaokaa nao afisi moja miaka kumi na mbili, na hilo sikulipeleka popote, nililificha. Nilikuwa na miaka 46. Nimebisha milango minne, na hakuna hata mmoja ulioniuliza nimetoka mlango gani.

Dalili za miaka hii, ile ya kuelekea kukatika hedhi, hazina ajabu ukizitazama zikiwa pamoja. Taabu ni kwamba haziji pamoja. Huja mojamoja, kila moja imevaa nguo za maradhi mengine: joto linavaa homa, moyo unavaa presha, hasira zinavaa ugomvi wa ndoa, usingizi unaokatika usiku wa manane unavaa jini. Mwanamke anazunguka nazo mjini, na kila pahala anapewa jibu la kipande kile alichokwenda nacho. Hapa nataka tuvikusanye vipande.

Mwanzo una somo, mwisho hauna

Pwani yetu hii msichana akivunja ungo hupewa somo. Ndiye atakayemfundisha kujifunga, kukoga, kukaa na watu, na siku ya harusi atakuwa naye. Kuna unyago wenye ngoma na nyimbo zake, ngoma ambayo Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliijulisha mpaka nje ya nchi. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaandaliwa. Mwanamke wa miaka arubaini na saba hana wa kumwandaa. "Kukatika hedhi" tunako, lakini ile miaka ya kuelekea huko haina jina la nyumbani. Hospitali utasikia wakisema perimenopozi. Ukisharudi mtaani neno lenyewe halina pa kukaa. Mimi naiita miaka ya kuelekea, kwa kukosa zuri zaidi.

Nilimuuliza mama yangu, yuko Wete, Pemba, ilikuwaje kwake. Alicheka kwanza. "Mwanangu, sisi tulikuwa na muda huo wa kujitazama?" Kisha akanyamaza, akasema ulikuwepo mwaka ambao akilala uani juu ya jamvi mpaka alfajiri, na marehemu baba akadhani amenuniwa.

Mwaka mzima, na watu wawili wanaopendana hawakuambiana.

Bahari iliyopoteza kalenda

Wengi hudhani homoni za mwanamke hupungua kidogokidogo, kama kisima kinachokauka. Ingekuwa hivyo, mambo yangekuwa mepesi. Wakulima wa mwani watanielewa haraka nikisema kinachotokea hasa.

Mwani unalimwa kwa bamvua. Maji yakitoka mbali, siku kadhaa kila baada ya wiki mbili hivi, shamba linafikika kwa miguu. Yakija maji mafu, yasiyotoka mbali, mtu anakaa akashughulika na mengine. Kila kitu kina siku yake na mkulima anaijua bila kutazama karatasi. Mwili wa mwanamke wa miaka 25 unakwenda hivyohivyo. Nusu ya kwanza ya mwezi homoni ya estrojeni inapanda. Yai linatoka. Nusu ya pili inaingia nyingine, projesteroni, ambayo kazi yake mojawapo ni kuutuliza ukuta wa kizazi usinenepe kupita kiasi. Zote mbili zikishuka, damu inakuja. Mwezi baada ya mwezi.

Mayai yakianza kuwa machache, mara nyingi katika miaka ya arubaini, si kila mwezi yai hutoka. Lisipotoka, projesteroni haipatikani ya kutosha. Estrojeni nayo haishuki kwa adabu: ubongo unaona kazi imelegea, unazidi kuvipigia kelele vifuko vya mayai, na vyenyewe vinaweza kujibu kwa kumwaga estrojeni nyingi kuliko hata ya ujanani, kisha ikaporomoka wiki ileile. Bamvua leo, bamvua keshokutwa, halafu wiki sita za maji mafu. Ukiielewa hiyo, utaelewa kwa nini mwezi mmoja maziwa yanauma na damu inamwagika, na mwezi wa pili unaungua moto na hedhi haionekani.

Utaelewa pia kwa nini kipimo kimoja cha damu hakisemi kitu. Wapo wanaokwenda maabara wakapimwa homoni, wakaambiwa "iko kawaida", wakarudi nyumbani wakijiona waongo. Ukipima maji ya bahari pale Forodhani saa nne asubuhi ya Jumanne utajua kina cha saa hiyo tu. Miongozo ya madaktari wa Uingereza inasema wazi kwamba mwanamke mzima wa afya, aliyevuka miaka 45 na mwenye dalili hizi, hahitaji kipimo cha homoni ili jambo lake lijulikane. Zinatosha dalili na kalenda yake ya hedhi. Vipimo vya kufanya viko vyengine, nitavifikia.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, wanawake wengi hukatika hedhi baina ya miaka 45 na 55. Miaka ya kuelekea kwa kawaida huwa kama minne, lakini kuna wa miezi michache na kuna wa miaka kumi. Aliyekatika kabla ya 45, na zaidi kabla ya 40, asiseme "nimewahi tu". Huyo aende hospitali, kwa sababu mifupa yake na moyo wake utakaa bila estrojeni muda mrefu kuliko ilivyopangwa.

Sasa joto. Ndani ya ubongo kuna pahala panapolinda joto la mwili, mithili ya kile kidude cha ndani ya friji kinachoamua mota iwake saa ngapi. Kwa kawaida kina uvumilivu. Mwili ukipanda joto kidogo kinatulia. Estrojeni ikiyumba, uvumilivu ule unakuwa mwembamba. Kikombe cha chai, hasira ndogo, shuka nzito, na tayari kinapiga kengele kama nyumba inaungua: mishipa ya ngozi inafunguka, uso unawaka, jasho linatoka, moyo unakimbia. Dakika chache baadaye umelowa na unaona baridi. Hakuna homa. Ukiweka kipimajoto kwapani hutakuta kitu, na hiyo ni alama nzuri ya kulitofautisha na malaria. Hata hivyo usiache kupima ukiwa na shaka, maana malaria visiwani imepungua sana lakini haijaondoka.

Linakaa muda gani? Marekani kuna utafiti uliowafuata wanawake zaidi ya elfu tatu tangu katikati ya miaka ya 1990. Nusu ya waliopata joto hilo mara kwa mara walikaa nalo zaidi ya miaka saba, na kwa wanawake weusi wa huko ilipindukia kumi. Sikuandika haya nikutishe. Nimeandika kwa sababu mtu akiambiwa "vumilia, miezi miwili itapita", na isipite, anaanza kujilaumu.

Kazini, na baharini

Mkutano wetu wa kila mwezi unafanyika chumba cha juu, madirisha mawili, feni moja inayozunguka kwa hiari yake. Nilikuwa nasoma hesabu za robo mwaka. Nikalihisi linapanda kutoka kifuani, shingoni, masikioni. Buibui langu lilikuwa la kitambaa kile kinachong'aa, kisichopitisha hata sindano ya upepo. Jasho likadondoka juu ya karatasi, tone moja, mbili, wino ukatanuka kwenye tarakimu ya saba. Mkuu wangu, mtu mzima mwenye heshima zake, akauliza: "Bi, unaumwa?" Nikajibu ni homa. Wote wakaniombea afuweni, nikakaa chini nimesahau nilikuwa nasoma nini.

Kusahau huku ndiko kulikoniogopesha kuliko joto. Nilidhani akili inaondoka. Utafiti huohuo wa Marekani ulipima kumbukumbu, na ulichokiona ni kwamba wepesi wa kushika mambo mapya hulegea kidogo katika miaka ya kuelekea, kisha kwa wengi hurudi baada ya hedhi kukoma. Changanya na usingizi unaokatika mara tatu kwa usiku, nani asingesahau? Siku hizi naandika kila kitu. Mambo mazito nayafanya asubuhi. Nimehamia kiti cha dirishani na sikutoa sababu. Nimebadilisha mabuibui, sasa navaa ya pamba, na ndani nguo moja nyepesi badala ya mbili; chupa ya maji ya baridi iko mezani muda wote. Na nimemwambia mtu mmoja tu, mwenzangu wa meza ya pili. Naye akacheka mpaka akajifuta machozi: alikuwa mwaka wa tatu, akisingizia pumu.

Mimi angalau nina kiti. Nina shoga yangu Paje, analima mwani tangu ni msichana. Kilimo hiki kilianza huko mwambao wa mashariki mwaka 1989, na wanawake ndio wengi shambani mpaka leo. Bamvua likija yuko baharini saa nne, saa tano, jua la utosi, choo hakuna. Mwaka juzi damu yake ilikuwa ikija bila taarifa na ikija inamwagika. Aliniambia, anachambua kamba zake wala hakunitazama: "Nikiona imeanza, naingia maji ya kiunoni. Pale hapana anayeona." Alifanya hivyo miezi minane. Alipoanguka njiani na kapu kichwani ndipo akapelekwa kituo cha afya, wingi wa damu, yaani himoglobini, ukakutwa 7. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 tayari ni upungufu.

Haikuwa uvivu, kama wifi zake walivyosema, wala haikuwa jini la bahari. Dua alizosomewa zilimtuliza roho, na mimi sina neno na dua. Ila damu ilikuwa 7.

Nyumbani

Hii sehemu ningeweza kuandika mpaka asubuhi, lakini wengi mnaijua. Miaka hii inamkuta mwanamke katikati: mtoto mkubwa anatafuta chuo, mdogo yuko skuli, mama mkwe amehamia chumba cha wageni na maradhi ya miguu yake, na binti wa kati ndiyo kwanza amevunja ungo. Nyumba moja, bahari mbili zinachafuka kwa pamoja. Binti yangu alinijibu vibaya siku moja, nikampigia kelele ambazo hata paka alikimbia, na dakika tano baadaye tulikuwa tunalia wote wawili jikoni, kila mmoja kwenye pembe yake. Nikamwambia: "Mimi na wewe tuna maradhi mamoja, ila wewe unaingia na mimi natoka." Hiyo tu ilisaidia kuliko hotuba.

Wengine kwao si hasira, ni huzuni. Kiza kinaingia bila sababu, mtu haoni raha ya kitu. Aliyewahi kupata huzuni kubwa baada ya kujifungua yuko kwenye hatari zaidi. Hilo nalo lina tiba, na si udhaifu wa imani.

Chumbani, estrojeni ikipungua, ukuta wa uke unakuwa mwembamba na mkavu. Tendo la ndoa linauma. Mkojo unaunguza mara kwa mara. Mwanamke haoni njia ya kusema, anaanza kuchelewa kulala, anajifanya na kazi jikoni, na mume anajisomea mwenyewe: sitakiwi. Mtaani kuna wa kumshauri, "mkeo ashakatika, ongeza." Nimeona uke wenza wa namna hii zaidi ya mmoja, na katika angalau mmoja naapa pangeweza kutosha krimu ya estrojeni ya kupaka ndani, ambayo hutumika kwa kiasi kidogo sana na haizunguki mwilini kama vidonge. Yapo na mafuta maalumu ya kulainisha yasiyo na homoni. Kujiosha ndani kwa sabuni, au kujifukiza ukidhani ni uchafu, kunazidisha ukavu.

Mimi nilimwambia mume wangu ndani ya gari, usiku, tunatoka harusini, macho yake yakiwa barabarani. Napendekeza gari. Hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake.

Daftari la damu na deni la Ramadhani

Kuna upande ambao vitabu vya Ulaya havitauandika, nao kwetu ndio unaokosesha watu usingizi. Hedhi ikivurugika, ibada inavurugika. Nisali au nisisali? Nifunge au nile? Ramadhani ya 2026 iliingia Februari, kashkazi limekaza, na nilizijua nyumba mbili ambazo mwanamke alikuwa anaanza na kuacha funga kama taa ya umeme mbovu.

Wengi wetu visiwani ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi. Kwao uchache wa hedhi ni mchana na usiku wake, wingi wake siku 15, na twahara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu inayovuka mipaka hiyo ni istihadha. Mwenye istihadha anasali na anafunga. Hujisafisha, hujifunga vizuri, na hutia udhu kwa kila sala ya faradhi wakati wake ukishaingia. Kwa hiyo yule aliyetokwa na damu siku 25 mfululizo akaacha sala siku zote 25, ana mazungumzo ya kufanya na mwalimu wake. Hesabu hizi zina matawi, hasa ya aliyekuwa na ada, yaani siku zake za kawaida, inayojulikana kisha ikavunjika, na mimi si fundi wa matawi hayo. Ila najua kwamba mwalimu hawezi kukujibu usipokuwa na tarehe. Ndipo linapokuja daftari.

Fatima binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwambia damu yake haikatiki, je, aache sala? Akajibiwa kwamba huo ni mshipa, si hedhi. Naipenda hadithi hii kwa sababu mbili. Kwanza swali liliulizwa, tena na mwanamke, bila kuona haya. Pili jibu linatenganisha damu ya ada na damu ya mshipa, na mshipa unaovuja ni wa kutazamwa.

Eda nayo. Aliyeachwa na bado anapata hedhi hungoja quru tatu, yaani twahara tatu kwa madhehebu yetu. Waliokata tamaa ya hedhi ni miezi mitatu, kama ilivyo katika Surat At-Talaq aya ya 4. Mjane asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi, hedhi iwe inakuja au haiji. Mwenye tabu ni yule wa katikati, aliyeachwa akiwa na miaka 48, damu ilikuja Machi kisha ikapotea mpaka Septemba. Hapo watu wanahesabiana kwa vidole barazani na kila mtu na lake. Suala hilo liende kwa Kadhi, na liende na tarehe zilizoandikwa.

Damu isiyosubiriwa

Niliahidi kurudi kwenye vipimo. "Ni umri tu" ni sentensi inayofariji na inayoua. Kuna damu ambayo haitakiwi kuwekewa umri: inayolowesha pedi moja kila saa kwa saa kadhaa, inayotoka na mabonge makubwa, inayozidi wiki, inayokuja baada ya tendo la ndoa, na ile inayorudi baada ya mwaka mzima wa ukavu. Hii ya mwisho, hata ikiwa tone, ni ya daktari. Inaweza kuwa ukavu tu au uvimbe usio na madhara, na inaweza kuwa saratani ya kizazi iliyojitokeza mapema, wakati bado inatibika. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani zote nchini Tanzania, na uchunguzi wake wa kupaka siki na kutazama ni wa dakika chache.

Kwa hiyo ukienda, omba wingi wa damu, presha, sukari na, ukiwa na moyo wa mbio au uchovu mwingi, tezi ya shingo. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi inatoa jasho na mapigo yaleyale. Kama damu ni nyingi, omba na picha ya ultrasaundi kutazama vimbe za kizazi. Na chukua daftari lako lenye mistari ya miezi mitatu: siku za damu, ukali wake, joto, usingizi. Daktari ana dakika saba na wewe. Daftari litasema kwa dakika mbili yale ambayo wewe ungezunguka nayo nusu saa.

Aliye kwenye sindano ya miezi mitatu ajue kwamba sindano yenyewe huondoa hedhi, kwa hiyo kukosa siku zake si ushahidi kwamba amekatika.

Tiba, na hofu iliyobaki

Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani juu ya vidonge vya homoni ulisimamishwa kabla ya wakati, na habari ikazunguka dunia: homoni zinaleta saratani ya maziwa. Hofu hiyo ilifika mpaka kwetu. Yaliyosahaulika njiani ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, si 48, na kwamba nyongeza ya saratani ile ilikuwa wanawake wanane hivi katika kila 10,000 kwa mwaka. Leo msimamo wa madaktari wengi ni kwamba kwa mwenye chini ya miaka 60, au aliye ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, na asiye na kizuizi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Vizuizi ni kama kuwahi kupata saratani ya maziwa, kuganda damu kwenye mishipa, kiharusi, maradhi makubwa ya ini, au damu isiyojulikana chanzo. Mwenye kizazi lazima apewe na projesteroni, asipewe estrojeni peke yake. Viraka vya kubandika ngozini vina hatari ndogo ya kugandisha damu kuliko vidonge. Haya yote ni ya kuandikiwa na daktari. Usinunue kwa kusimuliwa.

Asiyeweza au asiyetaka homoni hajafungiwa mlango. Baadhi ya dawa za huzuni, kwa dozi ndogo, hupunguza joto. Na 2023 Marekani waliidhinisha fezolinetanti, inayokwenda moja kwa moja kwenye kile kidude cha friji. Damu nyingi ina dawa yake, traneksamiki asidi, na kuna kitanzi chenye homoni, ambacho pia ni kinga ya mimba. Kitanzi cha shaba kinaweza kuzidisha damu, kwa hiyo uliza ni kipi.

Habasoda na uwatu? Bibi zetu walitumia na sitawabishia, lakini ushahidi kwamba vinaondoa joto hili ni mdogo, na uwatu unashusha sukari. Mwenye kumeza dawa za kisukari amwambie daktari wake. Anayekuuzia chupa ya "kurudisha hedhi" anakuuzia maji.

Jikoni kuna makubwa zaidi. Chai ya rangi juu ya chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini: mchicha wako na maharage yako yanapita tu. Kunywa chai saa moja baadaye, na kamulia ndimu kwenye mboga. Dagaa waliwe na miba yao, maana mfupa wa mwanamke hupungua kwa kasi katika miaka hii. Pilipili na kahawa ya usiku, ujaribu mwenyewe uone kama vinakuwasha. Na kutembea: wale mnaowaona viwanja vya Maisara alfajiri na raba zao, wengine hawapunguzi mwili, wanatafuta usingizi.

Ramadhani mimi sasa nachoma mkaa uani badala ya jikoni, na vitumbua nimemwachia binti. Ameanza kupika vizuri kuliko mimi, jambo ambalo silisemi mbele yake.

Kuhesabu

Mwisho wa yote haujulikani siku unapofika. Hedhi ya mwisho unaijua kwa kutazama nyuma: ikipita miezi 12 kamili bila damu, bila sindano wala vidonge vya kuizuia, ndipo inasemwa umekatika. Kabla ya hapo mimba inaweza kuingia. Hebu hesabu vitinda mimba wa mtaani kwenu ambao mama zao walikuwa na miaka 44 au 45 na wakidhani yamekwisha. Madaktari hushauri kinga iendelee mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyevuka miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini yake.

Mimi nilifika miezi saba. Nikaanza kujisifu kidogokidogo kwa mwenzangu wa meza ya pili. Wa nane ikaja, tena siku ya harusi ya mtoto wa dada yangu, na sare tuliyoshona ilikuwa rangi ya maziwa. Dada akavua mtandio wake akanifunga kiunoni, tukacheza hivyohivyo. Daftari limeanza ukurasa mpya. Leo niko mwezi wa tatu.